Fundi wa Herufi Zenye Mafuta

Mtu akinijia na swali la Fundi alizaliwa wapi na baba yake nani, namwambia akae kwanza anywe chai, maana hayo mimi siyajui na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba kwa miaka mingi vibao vingi vya mji wetu wa Koboko, huku Uganda mpakani, vilikuwa mkono wake, na changu kimo. Nina hoteli karibu na pale malori ya kutoka Arua yanaposhusha mizigo. Si hoteli ya kulala, ni ya kula: enyasa, yaani ugali wa muhogo, maharage, samaki wa angara, chai ya maziwa. Juu ya mlango imeandikwa CHAKULA IKO TAYARI, na herufi zenyewe ukiziona unaanza kushiba kabla hujavuta kiti.

Ni herufi nene, jamani. A yake imepanua miguu kama mama aliyekataa bei sokoni. U imekaa kama sufuria. K inarusha mguu mbele bila kujali nani anapita. Hakuna mbili zenye kimo sawa. Moja inapanda, ya pili inaisukuma ya tatu kwa bega, halafu zote zinafika mwisho wa mstari bila hata moja kuanguka. Na kila moja ina alama ndogo nyeupe begani, kama ngozi iliyopakwa vizuri ikapigwa na jua. Alama hiyo Fundi aliiita mafuta.

"Mutu akishiba anang'aa," aliniambia siku ya kuandika kibao changu. "Herufi bila mafuta iko na njaa. Na nani ataingia kula mahali herufi yenyewe iko na njaa?"

Mwenyewe hakuwa na mafuta hata kidogo. Alikuwa mrefu, mkavu, na sura ya mtu anayetoka kuzika. Miaka yote hiyo sikumwona akicheka meno yakaonekana. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na haki ya Mungu sikuwahi kuona tone la rangi juu yake. Wapaka rangi wengine hutembea wamechafuka hadi nyusi ili watu wajue kazi yao. Yeye ungedhani ni karani wa mahakama amepotea njia. Nilikuwa namchokoza, "Fundi, vicheko vyote hivi unavitoa wapi na wewe hata tabasamu huna?" Naye anajibu macho yakiwa kwenye sahani, "Yangu yote nimewapa wao."

Alikuwa mlokole, wa kuimba na kufunga, pombe hata harufu yake hakuitaka. Lakini tembea Koboko uangalie baa: mkono wake. Ukimwuliza, anasema, "Mimi naandika jina ya nyumba. Pombe wanaweka wao." Mchungaji wake akamwita kwa jambo hilo. Tulingoja kusikia amefukuzwa. Akaenda, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akarudi na kazi mpya: kuandika KARIBU juu ya mlango wa kanisa, kwa herufi zilezile zenye matumbo.

Kazi yake ilianza kwa kukaa. Kabla ya kufungua kopo la rangi alikuja mahali pako, akachagua kona, akaangalia watu. Kwangu alikaa asubuhi nzima, nikadhani ni ujanja wa kunywa chai ya bure. Nikamwambia, "Mzee, kibao kiko nje, wewe unaandika nini humu ndani?" Akasema, "Watu yako wanaingia mbio na wanatoka polepole. Lazima niandike hivyo." Nenda ukaangalie mpaka leo. CHAKULA imebanana, inasukumana mlangoni. TAYARI imelegea kama mtu aliyefungua mkanda.

Saluni aliipa herufi zenye vichwa vikubwa. Gereji aliipa herufi zilizoinama, kama zinachungulia chini ya gari. Duka la magodoro, Mungu wangu, zililala. Wenye duka walilalamika, wakasema maandishi yanalala watu hawatayaona, na kesho yake wapita njia wamesimama barabarani wanaonyeshana. Fundi alipita pale bila kugeuza shingo. Lakini nilimjua: siku hiyo aliomba chai ya pili.

Alikuwa na ugumu wake pia, na mimi nina mdomo, tuligombana sana. Kuna mahali herufi hizo hakuzipeleka kabisa. Msalaba wa kaburi, hapana. Ilani ya polisi, hapana. Onyo lolote, hapana. Kwa kazi hizo alikuwa na mkono mwingine, mwembamba, wima, bila mafuta, na alipoandika msalaba alivua kofia akafanya kazi bila kusema na mtu. Kuna tajiri mmoja alitaka kaburi la baba yake liandikwe kwa herufi nene, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa furaha. Mimi niliona sawa. Fundi akamwambia, "Baba yako alicheka, kweli. Lakini yeye hatasoma huu msalaba. Utasoma wewe, na wewe unalia." Yule tajiri aliondoka amefura, akaenda kwa mtu mwingine. Nikamwambia Fundi amefukuza riziki kwa kiburi. Akamaliza maharage yake, akanawa, akaenda zake.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ugumu ule ulitoka kwenye jambo la zamani nililolijua mwenyewe. Ulitoka Omugo.

Watu fulani wa mradi wa maji walikuwa wameweka tangi kubwa huko karibu na makazi ya wakimbizi, na maji ya kwanza yalikuwa ya kuoshea tangi lenyewe, yana dawa. Wakamwita Fundi aandike juu yake: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Wakamwambia aandike kwa nguvu, ionekane mbali. Naye akaandika kama alivyozoea, nene, nyekundu, na mafuta begani. Akapokea asante akarudi. Sasa wengi wa pale walikuwa hawajasoma. Lakini herufi zile walizijua! Walikuwa wameziona Koboko na Arua, juu ya hoteli, juu ya vibanda vya chapati, mahali pote pa kula na kunywa. Wakaona tangi limeandikwa kwa furaha kiasi hicho, wakaja na madumu.

Hakuna aliyekufa, tunashukuru. Matumbo yaliendesha, watoto wakalia usiku kucha, basi. Fundi akaenda mwenyewe kufuta. Mama mmoja pale, Msudani mwenye mtoto mgongoni, hakumtukana, alishangaa tu. Akamwambia, "Mzee, si tuliona ni zile herufi za chakula?"

Aliporudi alikaa kwenye meza yangu, sahani ikapoa mbele yake. Nikamwambia kosa ni la waliomwambia aandike kwa nguvu. Akatikisa kichwa. "Wale watu walisoma," akasema. "Hawajui hata A, na walisoma. Walisoma sura. Ni mimi nimeandika uongo." Halafu akainua macho akaniangalia mimi kwa namna ambayo alikuwa hajawahi kuniangalia. "Basi na wewe unasoma."

Hapo lazima niseme. Mimi sikusoma. Siyo siri, Koboko yote inajua. Nyumbani tulikuwa wengi, mimi nililea wadogo wangu, wao wakaenda shule. Hesabu ya kichwani hakuna wa kunishinda, na mpaka binti yangu alipokwenda Arua sikuona shida kubwa. Alipata kazi huko kwenye duka la kuchapa mabango. Simu tulipiga, ndiyo, lakini mambo mengine mtoto hawezi kumwambia mama yake kwa mdomo, anayaandika. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, marehemu mume wangu alikuwa askari na jeshini kwetu lugha ni hiyo, kwa hiyo binti aliandika Kiswahili, kwenye simu yangu ndogo ya tochi, na mimi nikatafuta wa kunisomea. Naye alijua hivyo. Kila ujumbe wake ulianza namna moja: *Wewe unayemsomea mama, asante.* Msomaji anatabasamu, anasema karibu, halafu anaendelea na mambo ya nyumba yangu.

Siku moja nilimpa simu dereva wa lori, mteja wangu wa siku nyingi, mtu mwema lakini sauti yake ni ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akasoma. Binti alikuwa anasema mchumba wake amerudi nyuma, posa imevunjika, na anaona aibu. Meza zote zilisikia. Mtoto wangu alilia kwenye maandishi, na watu wakaacha kutafuna ili wasikie vizuri. Jioni yule anayeniuzia mboga akanipa pole. Eh! Niliumia. Niliumia kwa posa, lakini zaidi niliumia kwamba uchungu wa mwanangu ulipita masikio ya hoteli nzima ndipo ukafika kwangu. Nilitaka kitu kimoja tu tangu siku hiyo: kusoma maneno yake mwenyewe, mimi, bila mdomo wa mtu.

Kwa hiyo Fundi aliposema "na wewe unasoma", nikamwambia, "Kama nasoma, nifundishe nijue kwamba nasoma."

Tulianza mchana, wateja wakipungua, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Hakunifundisha kama shule. Alinijulisha herufi kama anavyojulisha watu. "Huyu R, anafanana na P, lakini ametoa mguu, anataka kuondoka." "Huyu S hana mfupa." B alimwita mama wa matumbo mawili, la chini kubwa. Mimi nilizijua tayari, nilikuwa nimezipita kila siku ya maisha yangu. Nilikuwa sijui majina tu. Haikuchukua muda. Nikaanza kutembea Koboko na kusoma. Nilisoma saluni, nilisoma gereji, nilisoma baa kwa sauti mpaka walevi wakapiga makofi. Nilisimama mbele ya kanisa nikasoma KARIBU nikaingia, na haikuwa hata Jumapili.

Basi siku ujumbe wa binti ulipofika, nikafukuza kila mtu jikoni, nikafunga kitambaa kizuri kichwani, nikafungua simu.

Hakuna hata mmoja niliyemjua. Herufi zilikuwa nyembamba kama sindano, ndogo, hazina mafuta, hazina bega, na sura zenyewe zilikuwa nyingine. A wangu mwenye miguu miwili hakuwepo. Niligeuza simu juu chini. Nilitoka nje nikamkuta Fundi barabarani na ngazi yake, nikamwambia mbele ya watu, "Umenidanganya! Umenifundisha kusoma wewe tu!"

Alisimama, ngazi begani. Mtu mwingine angejitetea. Yeye akaomba simu, akaitazama karibu sana na uso, akarudisha. "Kweli," akasema. "Nimekupa wakubwa, sikukupa watoto yao. Na nimekupa wanene peke yake. Twende jikoni."

Nawaambia alichofanya, maana sijaona mwalimu mwingine akifanya hivyo. Kwenye ukuta aliandika CHAKULA IKO TAYARI, nene, kama ya mlangoni. Siku iliyofuata akaandika chini yake maneno yaleyale, yamekonda kidogo. Siku nyingine tena chini, yamekonda zaidi. Akaondoa mafuta. Akapunguza matumbo. Alikuwa anazikondesha herufi mbele ya macho yangu, polepole, ili nisimpoteze hata mmoja njiani. Halafu akaanza kuleta watoto: pembeni ya kila herufi kubwa akaweka ndogo yake. Wengine wanafanana kabisa na mama zao, kama o na u. Wengine, wee! Nilimwambia, "Huyu a hafanani na mama yake hata kidogo, uliza vizuri." Akasema, "Iko mtoto halali." Hapo ndipo nilipomwona karibu acheke, pembe ya mdomo ilisogea, ikarudi.

Hakumaliza. Tulikuwa tumefika katikati ya ukuta, nusu ya herufi zikiwa bado hazina watoto, mistari yake ilipoanza kuyumba. Kwanza alisema mkaa ni mbaya. Mjini nako kibao kipya cha saluni kilitoka kimepinda, na siyo kule kupinda kwake kwa makusudi. Alisema rangi imechakachuliwa. Mimi niliona anavyopapasa meza kutafuta kikombe. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Na kazi zenyewe zilikuwa zinakwenda. Mabango ya plastiki yalikuja kutoka Arua, yakiwa na picha ya sahani ya wali ambayo hakuna mtu Koboko amewahi kupika. Fundi aliligusa moja kwa ukucha. "Hii herufi haijakaa na mutu hata siku moja," akasema. Alijua binti yangu anafanya kazi huko yanakotoka. Hakunilaumu. Lakini aliacha kumwulizia, na kabla ya hapo alikuwa akimwulizia kila mara. Halafu akaenda Dranya kwenye shamba lake la karanga, akasema anapumzika. Nilijua hapumziki. Mtu anayeaga vile, amekunja brashi zake kwenye gazeti, anaogopa.

Nikabaki na nusu ukuta. Nililia kidogo, kisha nikakasirika, na hasira kwangu ni dawa. Nikajiambia herufi zilizobaki nitazitafutia watoto mwenyewe. Nikachukua pakiti ya majani ya chai, mfuko wa chumvi, sabuni, kila kitu ambacho najua ndani kuna nini, kwa hiyo nje hakiwezi kunidanganya. Nilijua hii ni chumvi. Basi huyu wa katikati lazima ni m. Nikamwandika ukutani kwa mkaa, vibaya, akiwa amelewa, lakini pembeni ya mama yake. Hivyo hivyo, mmoja mmoja, sufuria zikichemka. Wasichana wangu wa jikoni walipoosha kuta, huo waliupita pembeni, hawakuugusa.

Niliposikia kutoka Dranya kwamba Fundi haoni tena njia ya kwenda chooni, nilifunga hoteli, jambo ambalo silifanyi hata Krismasi, nikaenda kumchukua. Alikataa. Alisema amezeeka, macho yamefanya kazi yao. Nikamwambia, "Mzee, umeacha watoto wa watu ukutani kwangu bila kumaliza. Amka." Aliamka. Tulishuka mpaka Arua na kupita, hadi hospitali ya upande wa Kuluva, na huko daktari akasema hii ni kazi ya kawaida, watapasua, waanze na jicho la kulia.

Nilimwona siku ya pili baada ya upasuaji, mchana, nimemletea angara kwenye bakuli lenye kifuniko. Amelala chali, bandeji kwenye jicho moja, la pili likiwa bado na ukungu wake, shati jeupe limekunjwa vizuri juu ya mto. Nilikuwa namlisha, simu yangu ikalia.

"Iko nini?" akauliza.

"Ujumbe wa binti."

"Soma."

"Nitampa nesi anisomee."

"Nesi iko na kazi yake. Soma."

Nilifuta mikono kwenye kitenge. Herufi zilikuwa zilezile nyembamba, zilezile za sindano. Nikaziangalia, nazo zikaniangalia. Nikaanza na ile ninayoijua, nikaruka kwa jirani yake, nikarudi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza, lakini safari hii sikujali, kwa sababu mdomo ulikuwa wangu.

"Wewe," nikasoma. "Wewe una... unaye... unayemsomea mama. Asante."

Nikakwama. Siyo kwa ugumu. Miaka yote hiyo, asante ile ilikuwa ya madereva na wauza mboga.

"Endelea," Fundi akasema, taratibu.

Nikaendelea. Ilinichukua muda, angara ikapoa. Binti alikuwa amesema hivi: *Mwambie mama, Fundi akitoka hospitali apite Arua kwanza. Nimepiga picha vibao vyake vyote nimeweka herufi zake kwenye kompyuta ya kazini. Wateja wanazitaka. Lakini B imenishinda, matumbo hayakai. Aje anionyeshe. Na nataka zile nyembamba za misalaba pia. Mtu alikuja na bango la msiba akataka hizi za mafuta. Nimemkatalia.*

Mkono wa Fundi ulikuwa unatembea juu ya shuka, polepole, kidole kimenyooka kama kimeshika brashi.

"Amemkatalia?" akauliza mwishoni.

"Amemkatalia."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akataka mara nyingine, nikarudia tena, na mara ya tatu sikukwama hata mahali pamoja. Chozi lilitoka kwenye jicho lililokuwa wazi, nikalipangusa na ncha ya kitenge kwa sababu daktari alikuwa amekataza maji yasifike kwenye bandeji.

"Mwambie anachora tumbo ya juu kwanza," akasema. "Ndiyo maana haikai. Aanze ya chini, ikae, halafu ya juu iikalie. Nitakuja. Wakitoa hii kitambaa nitakuja." Akageuza uso upande wangu. "Na ile asante ya mwanzo, iko ya nani?"

"Iko yangu," nikasema.

"Jibu basi."

Sikuwahi kujibu. Nilitafuta herufi kwenye vibonye, moja moja, kwa kidole gumba, na Fundi akingoja bila kuniharakisha kama alivyokuwa akingoja jikoni. Habari ya matumbo ya B niliiacha kwa ujumbe wa pili. Wa kwanza ulikuwa mfupi. Niliandika: *Karibu mwanangu. Anayesoma ni mimi.*